Fundi wa mtaani au gereji ya risiti?

Gari langu linashuka Iwambi na kupanda Mlima Nyoka, milima ya hapa Mbeya, kila wiki, kwa hiyo breki ndizo hunipeleka kwa fundi. Yule wa mtaani, pale Mwanjelwa, anafungua tairi mbele yangu, ananionyesha pedi zilizobaki nyembamba kama sarafu, kisha tunaongozana dukani kununua spea. Hela ya ufundi tunapatana kabla hajashika spana. Spea ya zamani naondoka nayo. Fundi akisita kunipa, namtilia shaka.

Gereji kubwa ina risiti na mashine ya kupima. Ila unakaa kwenye benchi, hujui kinachofanyika ndani. Niliwahi kulipia shokapu nne, zikabadilishwa mbili! Taa ya injini ikiwaka naenda huko kupima tu. Nikishajua ugonjwa, narudi Mwanjelwa.