TAHADHARI: Winga wa Kariakoo anayeuza "seti kamili" ya kompyuta ya gemu

Wakuu, shikamooni wakubwa, na wengine habari zenu. Kabla hujatuma hela kwa mtu anayetangaza "seti kamili ya gemu, vifaa vyote vinaendana, unafunga na kucheza" kwa laki nane na nusu, nisome kwanza. Mimi nimepigwa shilingi 995,000. Kinachoniuma kuliko hela ni kwamba yule mtu anajua kabisa kipi hakiendani na kipi, na hapo hapo ndipo anapokula.

Jina na namba yake nimeziacha polisi, RB ninayo. Hapa siziandiki kwa sababu anabadilisha laini na jina la ukurasa kila mara. Nilipomwona mara ya kwanza ukurasa ulikuwa na jina moja, nilipoanza kumtafuta ulikuwa na jingine, picha zilezile. Ukishika jina utamkosa, ukishika mbinu utamtambua hata akiitwa nani.

Mdogo wangu amemaliza kidato cha nne, na nilimwahidi tukipata uzima nitamfungia kompyuta nyumbani Tabata, ajifunzie kuhariri video na jioni tucheze mpira wa kwenye gemu. Nina kibanda cha steshenari, hela niliitia kwenye kibubu miezi kumi na moja. Ndipo nikakutana na tangazo: keisi ya kioo, feni zenye mataa ya rangi, na orodha inayosomeka vizuri kabisa. Prosesa (ubongo wa kompyuta) Core i5-9400F, RAM (kumbukumbu ya kazi) ya DDR4 GB 16, SSD ya GB 480, pawa saplai ya wati 600, kadi ya grafiksi GTX 1050 Ti ya GB 4. Kila kitu kina modeli yake isipokuwa mazabodi (ubao mkuu unaounganisha vifaa vyote), yenyewe imeandikwa "soketi 1151" (aina ya kikao cha prosesa) basi. Nikamuuliza, "Kaka, hiyo mazabodi inaikubali prosesa hiyo?" Akanijibu kwa sauti: "Bosi wangu, soketi moja hiyo, inaingia yenyewe." Na kweli iliingia.

Huo ndio mtego wa kwanza, nauelezea taratibu kwa sababu umejengwa juu ya jambo la kweli. Soketi ya 1151 Intel, watengenezaji wa prosesa hiyo, waliitumia kwa prosesa za kizazi cha 6 na cha 7 kuanzia mwaka 2015. Mwaka 2017 kikaja kizazi cha 8, baadaye cha 9, soketi ikabaki na jina lile na idadi ileile ya pini, lakini baadhi ya pini zikapewa kazi nyingine na chipseti (chipu za mazabodi zinazofanya kazi na prosesa) zikawa mpya. i5-9400F ni ya kizazi cha 9. Inataka mazabodi za mfululizo wa 300, yaani H310, B360, B365, Z390 na ndugu zake. Mimi nilipewa H110, ya enzi za kizazi cha 6. Prosesa inakaa sawasawa, mkono wa chuma unafunga bila kulazimisha, feni zinazunguka, mataa yanawaka. Picha haiji, na haitakuja hata ukae wiki.

Sikuijua modeli kwa sababu stika yake ya waranti, ile ya "ikibanduka waranti imekufa", aliibandika juu kabisa ya maandishi ya modeli, katikati ya ubao. Mazabodi nzima ina nafasi, yeye akachagua pale. Mdogo wangu alikaa mbele ya skrini nyeusi hadi saa saba usiku akichomoa RAM, akiifuta na kuirudisha, anadhani amekosea yeye. Hilo sijalisamehe.

Asubuhi nikampigia. Kwanza akasema tumefunga vibaya. Nikabeba mpaka Kariakoo, akatoza elfu kumi na tano ya kupima. Baada ya robo saa akarudi kwa upole mwingi: prosesa yangu ni nzima ila "ina nguvu kuliko mazabodi", niongeze elfu tisini anibadilishie. Nikaongeza. Nikapewa H310 iliyotumika, picha ikaja, nikamshukuru kabisa. Kumbe ndivyo anavyofanya kazi. Anakuuzia kisichoendana kwa bei nzuri, halafu faida anaivuna kwenye kubadilisha kwa kuongeza. Mtu anayefunga kompyuta kwa mara ya kwanza hawezi kujua kosa ni la nani, kwa hiyo anaongeza. Na ile H110 inarudi kwenye begi kumsubiri mwingine.

Herufi F mwishoni mwa i5-9400F nayo ina maana: prosesa hiyo haina grafiksi ya ndani. Bila kadi ya grafiksi kompyuta haitoi picha yoyote, hata ya kuandikia barua. Kwa mnunuzi mwenye hela ndogo si dhambi, maana za F huwa nafuu kidogo. Ila kwenye mikono ya mtu huyu ni kamba, kwa sababu huwezi kuchomoa kadi ukapima mazabodi peke yake. Kikiharibika kimoja, vyote viwili vinashukiwa, na mwenye kukwambia kipi kibovu ni yeye. Kwa AMD, kampuni nyingine ya prosesa, ni vivyo hivyo: Ryzen 5 5600 haina grafiksi ya ndani, 5600G inayo.

Basi gemu zikaanza. Kompyuta ikiwaka unaangalia video vizuri, unaandika, hakuna shida. Fungua gemu, dakika mbili tatu skrini inakuwa nyeusi au gemu linajifunga. Alikuwa ametupa flashi yenye draiva (programu inayoiwezesha Windows kuitumia kadi) na sharti moja: "Tumieni hii hii, msije mkashusha draiva mpya mtandaoni, mtaua kadi." Tukatii. Safari hii akasema kosa ni pawa saplai, wati 600 hazitoshi, niongeze elfu arobaini nipate ya 750. Nikaongeza.

Wakuu, i5-9400F imepimwa wati 65. GTX 1050 Ti halisi inakula kama wati 75, kiasi ambacho tundu la mazabodi linatoa lenyewe, ndiyo maana nyingi hazina hata waya wa umeme wa pembeni. Wati 600 za kweli zingebaki nyingi tu. Lakini wati zenyewe zilikuwa za kwenye stika tu. Muuzaji mmoja mzee wa Kariakoo, niliyemfuata baadaye nikiwa nimechoka, aliipokea ile ya 750, akaipima uzito kwa mkono bila kusema kitu, akaigeuza na kunionyesha mstari wa +12V: ampea 15. Zidisha 12 kwa 15 unapata wati 180, na karibu kazi yote ya prosesa na kadi inapita kwenye mstari huo. Hakunitoza hata mia. Wapo waaminifu pale, wengi, na wanaharibiwa jina na watu wachache. Akanionyesha pia kiswichi chekundu nyuma, cha 115 na 230. Umeme wetu ni volti 230; mtoto akikisogeza kwenye 115 halafu ukawasha, unasikia mlio mmoja na imekwisha.

Kadi yenyewe ilifichuliwa na dada mmoja anayefanya mambo ya kompyuta ofisini kwa shemeji yangu. Alikuja kula chakula cha Jumapili, akainama nyuma ya kompyuta kutafuta pa kuchomeka flashi, akanyamaza kidogo. Akauliza, "Hii mmeambiwa ni 1050 Ti?" Akaweka kidole kwenye tundu la bluu la VGA, lile la waya wa skrini wa zamani. GTX 1050 Ti ilitoka mwaka 2016, na chipu zake hazitoi tena mawimbi ya VGA. Matundu yake ni HDMI, DisplayPort na DVI ya kidijitali. Tundu la bluu pale ni alama ya chipu ya zamani. Akashusha kwa bando lake programu ya bure iitwayo GPU-Z, ndogo tu, ya kusoma kadi ya grafiksi ni ya aina gani, na ikaandika FAKE mbele ya jina la kadi. Tangu mwaka 2018 programu hiyo inazitambua kadi za namna hii. Chini yake ikasoma chipu ni GF116, wakati 1050 Ti inatakiwa kuwa GP107.

Maana yake ni kwamba tuliuziwa kadi ya ukoo wa GTS 450, ulioanza mwaka 2010, yenye viini vya kuchakata 192 badala ya 768. Mtu ameifungua, akabadilisha BIOS yake (programu ndogo iliyo ndani ya kadi) ili iiambie Windows jina la uongo na kumbukumbu ya GB 4 ambayo haipo. Ndiyo maana gemu likijaribu kujaza kumbukumbu hiyo linakufa. Na ile flashi ya draiva ilikuwa na sababu yake: Nvidia, watengenezaji wa chipu hizi, waliacha kutengeneza draiva mpya za gemu kwa chipu za Fermi (ukoo wa hiyo GF116) mwaka 2018, hivyo ukiweka draiva mpya uongo unajianika.

Nikampigia bila hasira, nikamwambia nimepima. Akalainika: "Dah bosi wangu, kumbe na mimi mzigo huu nimepigwa, lete nikubadilishie, hakuna kuongeza hata senti." Hapo nilikosea, na wewe usikosee. Nilimpelekea kadi yenyewe. Tulikutana chini ya jengo lilelile, akaipokea, akasema anapanda kwa kaka yake ghorofa ya pili, dakika tano. Nilisimama pale kuanzia saa nane mpaka adhana ya alasiri ikapita. Nikapanda. Mwenye duka akaniambia yule si mdogo wake wala mfanyakazi wake, ni winga, huleta wateja na kuazima meza ya kupimia. Hela zangu zote zilikwenda kwenye namba binafsi yenye jina la mwanamke, wala si Lipa Namba ya duka lile. Risiti ya EFD sikuwahi kupewa, na sikuwahi kudai.

Sasa kompyuta iko mezani, prosesa ni ya F, kadi haipo. Haiwezi kuonyesha kitu.

Kama unapanga kufunga ya kwanza, fanya hivi hata ukinunua kwa rafiki. Dai modeli kamili ya mazabodi, kisha fungua ukurasa wa aliyeitengeneza: kuna orodha ya prosesa inazozikubali, na pembeni toleo la BIOS ya mazabodi linalohitajika. Usiridhike na neno soketi. Kwa AMD kuna mfano kama wangu: Ryzen 5 5600 inaingia kwenye mazabodi ya B450, zote ni za soketi ya AM4, lakini BIOS ikiwa ya zamani haiwaki mpaka isasishwe, muuzaji wa kweli anakusasishia kabla hujaondoka. AM5, soketi ya AMD iliyofuata, inapokea RAM ya DDR5 peke yake. Mazabodi za LGA1700, soketi ya Intel, zipo za DDR4 na zipo za DDR5, na RAM ya aina moja haikai kwenye nyingine kwa sababu kijino cha katikati kiko sehemu tofauti, usije ukailazimisha. Pima na nafasi ndani ya keisi kwa milimita kabla ya kulipia kadi ndefu.

Halafu usilipe vipande vikiwa kwenye maboksi. Mwambie afunge vyote hapohapo, awashe, uende na GPU-Z kwenye flashi yako mwenyewe, na gemu lichezwe nusu saa mbele yako. Mwenye mzigo halali atakunung'unikia kwa muda anaopoteza, lakini atakubali. Lipia Lipa Namba yenye jina la duka ulilosimama ndani yake, dai risiti, na modeli ziandikwe moja moja. Kama umeshauziwa feki, usiirudishe mikononi mwake kama mimi. Ipige picha, ihifadhi, nenda polisi, na ujue pia kwamba bidhaa bandia ziko chini ya Tume ya Ushindani. Mimi nimebaki na picha tu, bahati nzuri yule dada alinishauri nizipige.

Na picha hizo zimeanza kufanya kazi. Jana usiku mdogo wangu amenionyesha ukurasa mpya, jina geni kabisa, "GTX 1050 Ti GB 4, mzigo wa mwisho, 230,000". Kwenye picha ya tatu tundu la bluu linaonekana, na pembeni ya skrubu ya juu kuna mkwaruzo niliouacha mimi bisibisi iliponiteleza siku tunafunga. Nimelinganisha na picha zangu, ni uleule. Ni kadi yetu. Leo asubuhi nimezipeleka zote polisi ziunganishwe na RB, na tangazo lilikuwa bado liko hewani wakati naandika hapa.