Rimu na matairi ya Hilux: kipi kinunuliwe kwanza

Ukiingia maduka ya spea ya Gerezani, Kariakoo, ukasema unatafuta rimu za Hilux, utaonyeshwa nyeusi zinazong'aa za inchi 18 na 20 kabla hujaulizwa gari linabeba nini. Anza na swali hilo la mzigo. Hapa nazungumzia Hilux Vigo na Revo za 4x4, nikianza na chaguo ninalolipendekeza zaidi.

La kwanza: baki na rimu za kiwandani, badilisha matairi tu. Najua si jibu linalofurahisha. Lakini fedha ya rimu nne mpya ukiielekeza kwenye mpira, utapata matairi matano ya maana, la tano likiwa spea ya kweli na si kipara kilichofichwa chini ya bodi. Revo nyingi za 4x4 huja na 265/65R17: upana milimita 265, ubavu asilimia 65 ya upana huo, rimu inchi 17. Chukua saizi hiyohiyo ila ya A/T, yaani ya lami na vumbi, mfano Bridgestone Dueler A/T, Yokohama Geolandar A/T au BFGoodrich All-Terrain. Tairi la H/T, yaani la lami, ni kimya na hula mafuta kidogo, na kama hutoki mjini linakutosha. Ukitoka, mawe makali yatalichana.

Kabla ya kulipa, inama usome ubavuni. Ukiona 112S, 112 inamaanisha tairi moja hubeba kilo 1,120, na S ni mwendo wa juu wa kilomita 180 kwa saa. Kwa anayetoa mahindi Kiteto kwenda soko la Kibaigwa, natafuta lenye LT (alama ya matairi ya magari madogo ya mizigo) mbele ya saizi na 120/117: kilo 1,400 kwa kila tairi (117 ni ya magari yenye matairi pacha nyuma). Ila LT huhitaji upepo mwingi zaidi kubeba uzito uleule, kwa hiyo usijaze kwa mazoea ya tairi la zamani. Kisha tafuta tarakimu nne za mwisho kwenye maandishi ya DOT. 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi lililokaa dukani miaka sita ni zee, hata kama meno yake hayajagusa lami.

La pili, na kwa mtu wa shamba linaweza kuwa la kwanza: shuka hadi rimu ya chuma ya inchi 16 na tairi la 265/70R16. Kipenyo chake ni milimita 777, na cha 265/65R17 ni 776, hivyo spidomita haidanganyi na gari halibadiliki kimo. Unachopata ni ubavu mrefu zaidi kwa milimita 13, mpira wa ziada wa kumeza shimo kabla pigo halijafika kwenye chuma. Rimu ya chuma ikipinda, fundi huigonga ikarudi. Aloi ikipasuka, safari imeishia hapo. Angalia tu breki, maana baadhi ya Revo zina kalipa kubwa mbele na rimu ya 16 haipiti.

La tatu ni 265/70R17. Kipenyo hufika milimita 803, gari linainuka kama milimita 13, na spidomita ikisema 100 unakwenda takriban 103. Zungusha usukani hadi mwisho pande zote usikilize kama kuna kinachokwaruza.

M/T za 285/70R17 naziweka ya nne. Ni za matope mazito, basi. Kwenye lami iliyolowa breki huchelewa, mafuta yanakwenda, kelele haziishi, na mara nyingi utalazimika kuinua gari kwanza.

Ya mwisho ni inchi 20. Nilifunga 265/50R20, ubavu wa milimita 132 tu, gari likapendeza kweli. Miezi michache baadaye, nikiwa na mzigo kwenye barabara ya vumbi, jiwe moja lilipasua rimu na tairi kwa pamoja, na spea ya saizi ile hapakuwa na wa kuniazima. Tangu siku ile sijamshauri inchi 20 yeyote anayebeba mzigo.

Kama rimu mpya ni lazima, usikubali neno "zinaingia" kwa sababu nati ni sita. Hilux hizi zina nati sita kwenye duara la milimita 139.7, tundu la katikati ni 106, na ofseti ya rimu za kiwandani, yaani umbali wa milimita kati ya katikati ya upana wa rimu na uso unaogusa habu, ni 30. Ford Ranger ya T6 ina duara lilelile, lakini tundu lake ni 93, hivyo rimu yake haikai kwenye habu ya Hilux. Nissan Navara ya D40 hata duara ni jingine, 114.3. Ofseti ikishuka hadi sifuri, tairi linatoka nje sentimita tatu: tope linarukia milango na beringi inabebeshwa kazi isiyo yake. Spesa, vile vipande vya kusogeza rimu nje, hufanya vivyo hivyo, nami sizitaki. Nyuma ya rimu tafuta uzito wa juu ulioandikwa, na alama ya Kijapani JWL-T, ambayo ni ya magari ya mizigo.

Nati nazo zilingane na rimu: za koni kwa tundu la koni, za washa bapa kwa tundu bapa. Matairi yote manne yawe na kipenyo kimoja, la sivyo ukiingiza 4x4 kwenye ardhi ngumu utaitesa gia boksi ndogo, ile inayogawa nguvu kwa matairi ya mbele na nyuma.

Mwambie fundi afunge rimu moja mbele, ashushe jeki, azungushe usukani, ndipo ulipe zilizobaki. Baada ya kilomita 50 hadi 100, simama ukaze nati upya.