Uzoefu wangu: kucheza sataranji na kompyuta mtandaoni, na kujua kama umechezewa haki

Nimecheza na Stockfish, injini (programu inayokokotoa hatua za sataranji) inayotumiwa na tovuti ya Lichess, pia na wapinzani wa kompyuta wa majukwaa mengine mawili. Nguvu si suala: injini ya leo ikiachiwa huru hakuna binadamu anayeiweza. Ninachopimia mimi ni kimoja, kwamba ukishafungwa unaweza kukagua ulichofungwa nacho au huwezi.

Lichess naipa alama za juu. Ngazi ni nane, injini inatajwa, msimbo wake uko wazi kwa yeyote, na mechi dhidi yake haigusi kiwango chako, kwa hiyo hakuna wa kuvuna pointi kwa ujanja. Angalieni tu akaunti zenye lebo ya BOT. Hizo huendeshwa na watumiaji wenyewe na zinaweza kucheza mechi za kuhesabiwa, yaani zinazobadilisha kiwango chako. Soma kwanza wasifu wake: injini gani, toleo gani, inaendeshwa kwenye mashine gani. Pasipo maelezo, cheza isiyohesabiwa.

Malalamiko mengi ya "kompyuta inaniibia" hutoka ngazi za chini, na sababu inajulikana. Stockfish haijui kufikiri kama mwanafunzi. Ukiipunguza kwa Skill Level (0 hadi 20, na 20 ndiyo nguvu kamili), inapima angalau hatua nne bora kisha inaokota moja kwa kubahatisha kiasi. Ndiyo maana inacheza kibingwa kwa muda, halafu ghafla inaacha farasi aliwe bure. Hakuna aliyepanga mchezo. Ila kwa sababu ya bahati nasibu hiyo, ukirudia mchezo uleule utajibiwa tofauti, na ukaguzi unakwama. Mpangilio wa UCI_Elo nao, unaoiwekea injini nguvu kwa Elo (namba ya kupima uwezo wa mchezaji), usiwadanganye: namba zake zimetokana na mechi za injini kwa injini. Kuwa sawa na 1500 hapo si kuwa sawa na mtu wa 1500.

Jukwaa mojawapo kati ya yale mawili linakupa mpinzani mwenye sura, jina na namba ya Elo, basi. Injini haitajwi, na faili la PGN (rekodi ya hatua za mchezo) ukilipakua halina muda wa hatua. PGN nzuri huonyesha kitu kama [%clk 0:02:31] baada ya kila hatua, na hapo ndipo unaona kama saa ilikatwa sawasawa au mtandao ulikula sekunde zako. Bila hiyo huna hoja ya kumpelekea mtu yeyote.

Kipimo rahisi: katikati ya mchezo zima data. Kompyuta ikiendelea kujibu, inafanya hesabu ndani ya simu yako. Kama imewekewa kikomo cha muda, simu ikipata moto inapunguza kasi na mpinzani anadhoofika, hivyo ushindi wa dakika ya arobaini usiufurahie sana. Kikomo cha nodi, yaani idadi ya mikao inayopimwa, hakina tatizo hilo.

Anayetaka mechi inayokaguliwa kikamilifu aendeshe Stockfish mwenyewe: Threads (nyuzi za hesabu zinazokwenda sambamba) 1, Hash (ukubwa wa kumbukumbu ya hesabu) ileile kila mara, Skill Level 20, na kila hatua amri ya go nodes 200000 badala ya muda. Kabla ya kila mchezo tuma ucinewgame ili kumbukumbu ifutwe. Kwa toleo lilelile, mchezo ukirudiwa unatoka hatua zilezile. Ukiongeza nyuzi hadi mbili tu, uhakika huo unapotea.

Madai haya ya kutaka kukagua si ya wachezaji dhaifu tu. Mwaka 1997 huko New York, bingwa wa dunia Kasparov alipofungwa na Deep Blue, kompyuta ya IBM, 3.5 kwa 2.5, alidai kuonyeshwa kumbukumbu za hesabu za mashine. Kramnik, bingwa wa dunia wakati huo, alipocheza na programu ya Deep Fritz huko Bonn mwaka 2006, masharti yalimpa programu mapema, na wakati wa ufunguzi aliona kitabu cha hatua ambacho mashine inafuata. Alipoteza 4 kwa 2, lakini alijua anacheza na nini.

La mwisho ni sare. Baadhi ya wapinzani hawa hawakubali ombi la sare hata mkibaki na ngome kwa ngome, wanasubiri saa yako iishe. Chagua muda wenye nyongeza ya angalau sekunde mbili kwa kila hatua, kisha rudia mkao mara tatu au subiri hatua 50 zipite bila kete kuliwa wala kitunda kusogezwa.