Darwin's Nightmare: filamu ya mapanki ikitazamwa kutoka upande wa ziwa

Mwanzoni mwa filamu hii ya matukio halisi tuko kwenye mnara wa kuongozea ndege, Mwanza. Mwongoza ndege anahangaika na mdudu kwenye kioo, na huko nje ndege kubwa ya mizigo, Ilyushin, inashuka. Msimulizi hakuna, wala hatatokea kwa dakika zote 107. Hubert Sauper, Mwaustria aliyeitengeneza mwaka 2004, amewaacha waongee marubani, walinzi, wenye viwanda na watoto wa mtaani, Kiingereza, Kirusi na Kiswahili vikipishana.

Inapomshika mtazamaji ni pale samaki mmoja anapogawanywa. Sangara akifika mezani kiwandani, kisu kinatoa mnofu wa ubavu huu, kisha wa pili. Ngozi inavuliwa, mnofu unapoozwa, unafungwa, unapanda ndege kwenda Ulaya. Bondo, yaani kibofu cha hewa cha samaki, linawekwa pembeni, lina wateja wake Asia. Kichwa na mgongo ndiyo mapanki: yanapakiwa kwenye lori, yanaanikwa kwenye chanja, yanatumbukizwa kwenye karai la mafuta. Kwa uzito, kinachobaki ni kingi kuliko kinachoondoka. Kamera inamsogelea mama mmoja anayeanika, jicho lake moja limeharibika na analaumu hewa ya amonia itokayo kwenye mapanki yanayooza. Miguu imezama kwenye tope lenye funza. Ukishaona hapo, ule mnofu mweupe kwenye boksi hauwezi tena kuwa mnofu tu.

Lakini kwa nini yanaoza? Filamu haisemi, na hili si dogo. Sangara ana mafuta mengi, hakauki kirahisi juani kama dagaa au furu. Asipokaangwa au kubanikwa mapema anaharibika, na moto unataka kuni. Barafu nayo inaufuata mnofu, haiyafuati mapanki. Sekunde thelathini za maelezo hayo zingemweleza mtazamaji wa mbali mengi kuliko funza wale wote, maana angeona tatizo lilipo: usafiri, barafu na bei. Asingebaki na kichefuchefu peke yake.

Kosa jingine ni la mtu asiyejua meza za kanda ya ziwa. Kula kichwa cha samaki si fedheha. Wapo wanaokigombea. Fedheha ni kumuuzia mtu kichwa kilichooza kwa sababu hana uwezo wa kununua kingine. Filamu haikutenganisha mambo hayo mawili, na ndiyo maana Rais Kikwete alipoishambulia hadharani mwaka 2006, mjadala nchini ulinasa kwenye swali jepesi: mapanki ni chakula cha watu au cha mifugo? Mama wa kwenye chanja akasahaulika. Na tusijidanganye kwamba walio mbali ni Wazungu tu. Wengi waliobishana Dar es Salaam walikuwa mbali na chanja zile kama mtu wa Paris.

Kuhusu silaha, tuwe wakweli. Filamu inasukuma wazo kwamba ndege zinazobeba minofu huja na bunduki, lakini hakuna picha hata moja ya sanduku la silaha likishushwa Mwanza. Kilichopo ni kauli. Nzito kuliko zote ni ya rubani anayekiri kwamba aliwahi kupeleka vifaru Angola, kisha akarudi na zabibu kwa ajili ya Ulaya. Anaongea kwa sauti ya chini, macho pembeni, kama mtu anayehesabu watoto wa Angola na wa Ulaya. Hapo hakuna muziki wala hila ya kuunganisha picha, na ndipo filamu inapofikia kimo chake.

Mtazamaji aliyeguswa hukimbilia kuapa kwamba sangara hali tena. Aulize kwanza nani anaumia. Mwishoni mwa miaka ya 1990 Umoja wa Ulaya uliwahi kufunga mlango kwa samaki wa Ziwa Victoria kwa sababu za usafi na sumu. Viwanda vilipunguza kazi, bei ikaanguka ufukweni, na wa kwanza kuumia walikuwa wavuvi na wakata minofu. Ndiyo maana sehemu ya ujumbe wa Ulaya ukivisifia viwanda vya Mwanza kwa usafi wake inafaa kurudiwa mara mbili. Sifa ile haikuja bure, viwanda viliifanyia kazi. Ila ukaguzi wao uliishia mlango wa nyuma wa kiwanda, pale lori la mapanki linapopakia.

Kwa darasa la sekondari, mwalimu aitazame mwenyewe kwanza. Kuna watoto wanaopigana wakigombea sufuria ya wali, na wengine wanaoyeyusha vifungashio vya samaki ili wavute. Sehemu hizo zinapita bila msimulizi wa kuzifafanua.