TAHADHARI: Diski za breki "mpya" ambazo ni kuukuu zilizochongwa na kupigwa rangi

Ndugu zangu wenye Mark II, Chaser, Carina, Corolla na Toyota nyingine za miaka ya 1990, kabla hujatoa hela ya diski za breki Kariakoo, upande wa Gerezani, naomba usome hii. Kuna muuzaji anachukua diski zilizokwishatumika, zinachongwa kwenye mashine, zinapuliziwa rangi ya fedha, zinaingizwa kwenye boksi jipya na kuuzwa kwa bei ya diski mpya kutoka Japani. Jina la duka siliandiki. Ninachotaka ni mjue kuitambua mali yenyewe, maana ikishasambaa itauzwa popote. Wauzaji waaminifu pale Gerezani wapo wengi, na nao wanaumizwa na mchezo huu.

Mimi ni fundi wa breki. Gari lililonifumbua macho ni Mark II GX100 ya mama mmoja. Usukani ulikuwa ukitetemeka kila akishika breki kwenye mwendo wa 80 na kuendelea, akaambiwa diski zimekwisha, akanunua. Siku za mwanzo gari likatulia. Baadaye mtetemo ukarudi, safari hii mpaka kanyagio la breki linarudisha mguu. Akarudi dukani. Jibu alilopewa: "Mama, diski ni nzima, habu yako (kitovu cha gurudumu, pale diski inapokaa) ndiyo imepinda." Akauziwa habu na beringi palepale, vikafungwa na fundi wa kwenye kibaraza cha duka. Mtetemo haukuondoka.

Tulipovua tairi na kuishika ile diski, mambo yalikuwa wazi. Chungulia kwenye matundu ya kupitishia hewa, katikati ya zile sura mbili za diski: kutu ya magamba, imefunikwa na rangi. Kutu ya namna hiyo haipatikani kwenye kitu kilichotoka kiwandani juzi. Kwenye ukingo, mahali ambapo kiwanda huandika MIN TH na namba ya unene wa mwisho unaoruhusiwa, palikuwa pamesagwa kwa grinda. Pale tairi linapokaa palikuwa na alama za nati za zamani, zimejaa rangi. Mikromita (kifaa cha kupimia unene) ilipoizunguka, unene ulikuwa chini ya kikomo, na tena haulingani: upande mmoja mnene, mwingine mwembamba.

Hilo la kutolingana ndilo linalotikisa gari. Tofauti ya milimita 0.02 hivi, ambayo huioni kwa macho wala kuihisi kwa kidole, inatosha: pedi zikipita sehemu nene zinasukumwa nyuma, zikipita nyembamba zinarudi, na usukani unacheza mkononi. Diski iliyochongwa vibaya inaanza safari ikiwa na kasoro hiyo tayari. Na kwa sababu ni nyembamba, inapata moto haraka na kasoro inazidi. Mtetemo unakera, lakini mimi ninachoogopa ni mteremko wa Kitonga, kule Iringa, gari limejaa familia na mizigo, dereva anashika breki mfululizo. Diski nyembamba haina mahali pa kuweka joto lile. Mafuta ya breki ya siku nyingi yakichemka, kanyagio linazama mpaka chini na gari halisimami.

Rangi peke yake si ushahidi. Zipo diski halali ambazo kiwanda chenyewe kinazipaka ili zisishike kutu, na nyingine huja na mafuta ya kuzikinga. Angalia matundu ya ndani, angalia kama maandishi ya MIN TH yapo na yanasomeka, kisha omba kupima unene kwa venia, kile kipimo cha taya mbili, hapohapo kaunta. Mara nyingi diski yenye kikomo cha milimita 26 ikiwa mpya huwa na 28. Ukipima ukakuta inakaribia kikomo, irudishe hata kama boksi linang'aa. Muuzaji akikukataza kupima, ondoka.

Jihadhari pia na masharti ya huyo muuzaji wa diski zilizochongwa. Anakwambia waranti ipo endapo tu utafungiwa na fundi wake, na risiti anaandika kwa mkono bila jina la duka. Dai risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, yenye maelezo ya kitu ulichonunua. Hiyo ndiyo utakayoenda nayo Tume ya Ushindani, FCC, ambao ndio wanaoshughulikia bidhaa bandia. Bila risiti utabaki unalalamika tu.

Na kabla ya kununua chochote, hakikisha ugonjwa ni diski kweli. Gari likitetemeka bila kushika breki, anzia kwenye balansi ya matairi. Likitetemeka kwenye breki na usukani unacheza, tatizo kwa kawaida liko mbele. Ukilisikia zaidi kwenye kiti, kagua nyuma, na kama nyuma ni dramu (breki ya ngoma badala ya diski), huenda imepoteza umviringo. Mwambie fundi asugue habu kwa brashi ya waya mpaka chuma kionekane, kwa sababu kutu kidogo tu nyuma ya diski inaifanya ikae upande. Pini za kalipa (kifaa kinachobana pedi kwenye diski) ziteleze kwa kidole, zikiwa na grisi ya breki. Nati za tairi zikazwe kwa kupishana na kwa nguvu sawa. Toyota nyingi ndogo ni Nm 103 kwenye spana ya kupimia nguvu ya kukaza, wala si kurukia spana kwa mguu. Nimeona mitetemo ikiisha kwa kazi hiyo bila diski kununuliwa.

Kama ulinunua diski upande ule miezi hii, vua tairi uzikague kabla ya safari ndefu. Ukikuta ndizo, zipige picha, zitunze mpaka dai lako liishe. Baada ya hapo zikate kwa grinda kabla ya kumpa muuza chuma chakavu. Zikitoka gereji nzima, zinarudi kaunta na rangi mpya.