Majaribio ya bure ya GRE: yaliyonisaidia na yasiyonisaidia

Nimefanya GRE, mtihani wa Kiingereza na hesabu, hapa Dar es Salaam kwa ajili ya kuomba nafasi ya uzamili wa takwimu Marekani. Tangu nipate alama, watu wananiuliza nilisoma wapi, kwa hiyo naeleza.

Nilianza na tuisheni ya jioni mjini, jina lake naliacha. Natoka kazini, nakaa darasani hadi saa mbili usiku, kisha napigana na foleni ya mabasi ya mwendokasi kurudi Kimara. Wiki ya pili ndipo nikagundua kuwa fotokopi tulizopewa ni za mtihani wa zamani, ule wa insha mbili na karibu saa nne za kukaa. Mtihani ulifupishwa Septemba 2023. Siku hizi ni saa moja na dakika 58: insha moja ya dakika 30, maswali 27 ya lugha na 27 ya hesabu, hakuna mapumziko. Nilipomwambia mwalimu, akajibu kwamba mazoezi ni mazoezi. Sikubaliani naye hata leo. Anayejiandaa kwa mbio ndefu hawezi kujua aanzeje mbio fupi. Niliacha, na ada haikurudi.

Kilichonivusha ni POWERPREP, majaribio ya ETS wenyewe, yaani wanaotunga mtihani. Ukifungua akaunti unapata mawili bila kulipa. Skrini ni ileile utakayokutana nayo, saa inarudi nyuma pembeni, kikokotoo kipo kwenye hesabu, na kuna kitufe cha kuweka alama kwenye swali ili ulirudie kabla sehemu haijaisha. La kwanza nililifanya Jumamosi alfajiri, nyumba nzima imelala, simu nimeizima. Hesabu nikapata 149, kwenye kipimo kinachoanzia 130 hadi 170. Iliniuma, maana hesabu ndiyo kazi yangu ya kila siku.

Nikachukua daftari nikaandika kila swali nililokosa, na sababu ya kulikosa. Mfano wa aina ya kosa langu: unaambiwa x² = 49, kisha ulinganishe x na 7. Mimi mbio mbio najibu kuwa ni sawa. Lakini x inaweza kuwa -7, kwa hiyo jibu ni kwamba taarifa hazitoshi. Kurasa sita za daftari zilikuwa na makosa ya namna hiyo: kusahau hasi, kusahau sifuri, kusahau namba za sehemu kama nusu. Kumbe hesabu naijua, tatizo ni haraka. Tangu hapo, kabla ya kujibu swali la kulinganisha, najaribu kwanza 0, 1, -1 na nusu.

Upande wa lugha, kukariri orodha za maneno kulinisaidia kidogo tu. Neno kama sanction linaweza kuwa kuruhusu au kuadhibu, na ni sentensi pekee inayokuambia lipi. Maswali ya kujaza nafasi tatu zilizoachwa wazi hayana alama ya nusu, ukikosa neno moja umekosa swali zima. Nilichofanya ni kuziba majibu kwa kiganja, kubuni neno langu kwanza, hata la Kiswahili, kisha kutafuta linalofanana nalo.

Jambo jingine la kulijua mapema: lugha na hesabu kila moja ina sehemu mbili, na ugumu wa sehemu ya pili unategemea ulivyofanya ya kwanza. Katika hesabu, ya kwanza ina maswali 12 kwa dakika 21, na hapo ndipo pa kutulia. Tena jibu baya halikatwi alama, kwa hiyo usiache swali wazi.

Kasoro za POWERPREP ya bure zipo. Insha haisahihishwi, mimi nilimpa mwalimu wangu wa zamani wa sekondari anisomee, na alinisaidia sana. Majibu nayo hayana maelezo ya hatua kwa hatua, ukitaka hayo unanunua matoleo ya kulipia. Na kwa kuwa ni mawili tu, usiyamalize wiki moja kama alivyofanya rafiki yangu, akabaki hana cha kujipimia. La pili mimi nililiweka hadi siku kumi kabla ya mtihani, nikapata 158. Siku yenyewe, baada ya kulipa dola 220 na kusubiri kwa wiki kadhaa, skrini ilinionyesha 160 ya hesabu, na kwa dakika nzima sikuweza kuinuka kwenye kiti.