Matairi ya skuta: lipi la kwanza, lipi la mwisho, na kwa nini lako limeisha upande mmoja

Ukienda dukani kununua tairi la skuta, nenda na lile lililoisha. Saizi ni sababu mojawapo, lakini kubwa zaidi ni kwamba tairi kuukuu linakwambia skuta yako ina tatizo gani. Tatizo lisipoondolewa, jipya nalo litaisha vilevile, hata ulipie mara mbili.

Ninapoandika nawafikiria zaidi watu wa Unguja, ambako vespa na skuta ni chombo cha kwenda kazini, sokoni, na cha kuwakodisha wageni wanaokwenda Paje na Nungwi. Wa Dar, Tanga na Mombasa hawapotezi kitu wakisoma, maana lami ni ileile na mvua ni zilezile.

Kwanza umri. Tairi la nyuma la skuta ya ringi ya inchi 10 inayopakia watu wawili kwa kawaida huenda kilomita 6,000 hadi 10,000. La mbele huvuka 10,000 na mara nyingi hufika 15,000. Skuta za ringi kubwa, inchi 12 hadi 14, huongeza kidogo hapo. Anayetembea kilomita 60 kwa siku kwa kazi ya kubeba abiria au mizigo atamaliza tairi la kilomita 8,000 katika miezi minne na nusu hivi. Anayekwenda ofisini na kurudi, kilomita 10, atakaa nalo zaidi ya miaka miwili, na huyo anapaswa kuogopa zaidi jua na mipasuko ya mpira kuliko kuisha kwa meno.

Watu hulalamika kwamba tairi la skuta halidumu kama la bodaboda. Ni kweli, na sababu yake ni hesabu. Tairi la 3.50-10 la vespa (upana inchi 3.5, ringi inchi 10) huzunguka kama mara 740 kwa kilomita moja, la 3.00-17 la pikipiki huzunguka kama mara 545. Kila sehemu ya mpira wa skuta inakanyaga lami mara nyingi zaidi kwa safari ileile. Halafu injini ya skuta imekaa nyuma, dereva amekaa nyuma, abiria nyuma zaidi, na wengi wetu tukifunga breki tunafunga ya nyuma peke yake. Ndiyo maana la nyuma hutangulia kufa.

Sasa lishike lile tairi kuukuu. Likiwa limelika katikati, limekuwa bapa kama sahani, na pembeni bado kuna meno, basi limekwenda njia iliyonyooka kwa muda mrefu, au limejazwa upepo kupita kiasi. Barabara ya Paje inatosha kulifanya hivyo. Likiwa limelika mabega yote mawili na katikati bado zima, upepo ulikuwa mdogo. Hili ndilo la kawaida kwetu, kwa sababu upepo tunaupima kwa kidole gumba. Vespa PX inataka kama PSI 18 (PSI ni kipimo cha msukumo wa upepo) mbele na 25 nyuma ukiwa peke yako, lakini ukipakia mtu nyuma inataka 36. Honda Activa ni 22 mbele, 29 nyuma, na 36 ukipakia. Kati ya 25 na 36 kidole hakioni tofauti. Nunua geji yako ndogo ya kupimia upepo, na upime asubuhi kabla tairi halijapata moto.

La upande mmoja ndilo linalozua ubishi. Barabara za lami zimeinuliwa katikati ili maji yakimbilie pembeni. Sisi tunaendesha kushoto, kwa hiyo lami iliyo chini yako inateremkia kushoto, na skuta iliyosimama wima inakanyaga zaidi kwa upande wake wa kulia. Ongeza vipilefti, ambavyo tunavizunguka tukiwa tumelalia kulia. Ongeza pia kona za barabara kuu: ya kulia kwetu huwa pana, tunaipita kwa kasi na kwa masafa marefu kuliko ya kushoto. Kwa hiyo tairi lililolika kidogo zaidi kulia ni la kawaida kabisa, wala fundi asikuuzie shokapu kwa sababu hiyo. Lakini bega moja likiwa kipara na la pili bado lina meno marefu, au likiwa limelika kushoto, hapo tafuta beringi la gurudumu, bushi za injini (mipira inayoishikilia), au ringi iliyopinda. Shika gurudumu la nyuma likiwa juu ya stendi, lisukume kushoto na kulia. Likicheza, usinunue tairi kwanza.

Kuna na la mawimbi, hasa mbele. Pitisha kiganja juu ya meno kwa mwendo wa kwenda, kisha kwa mwendo wa kurudi. Kiganja kikiteleza kwenda na kukwaruzwa kurudi, au ukihisi mashimo na vilima kwa zamu, shokapu imekufa, au tairi limeendeshwa muda mrefu bila upepo wa kutosha. Doa moja la kipara peke yake, na kwingine kote tairi ni zima, ni breki: gurudumu lilifungwa likaburuzwa. Hilo halina dawa isipokuwa mguu wa dereva.

Ukifika dukani, soma ubavu wa tairi kabla ya kusikia bei. Matairi mengi huning'inizwa yakiwa yamezungushiwa plastiki ya rangi, na plastiki hiyo huficha mambo. Mwombe muuzaji aikate. Tafuta namba nne mwishoni mwa maandishi ya DOT: 3524 maana yake limetengenezwa wiki ya 35 ya mwaka 2024. Lililokaa miaka mitatu kwenye rafu ya ndani halina neno kubwa. Lililokaa miaka mitatu kwenye mlango wa duka likipigwa jua, liache; likunje kidogo kwa mkono na utaona nyufa nyembamba kati ya meno.

Baada ya saizi kuna namba ya uzito na herufi ya kasi. Hapa ndipo wengi hupunjwa bila kujua. Matairi mawili ya 3.50-10 yanaweza kufanana kwa macho, moja limeandikwa 51J na jingine 59J. Namba 51 inabeba kilo 195, na 59 inabeba kilo 243. J ni kasi ya kilomita 100 kwa saa, inatosha. Ukipakia mke na magunia mawili ya mkaa, nafasi ya 51 imekwisha.

Na TL au TT. TL ni tairi la tyubulesi, TT ni la kuwekewa tyubu. Vespa za zamani ringi zao hufunguka nusu mbili, hazishiki upepo peke yake, kwa hiyo hata ukinunua TL utaweka tyubu, na iwe mpya. Na kabla fundi hajalegeza nati za kuunganisha nusu hizo, upepo wote utoke. Anayefungua ringi ikiwa na upepo anacheza na vidole vyake.

Haya, orodha yangu.

La kwanza, kwa skuta ya kazi, ni tairi la India lenye jina: MRF, CEAT au TVS. Yametengenezwa kwa nchi ambayo skuta hubeba familia nzima kwenye barabara mbovu, na saizi zake, 90/100-10, 90/90-12 na 3.50-10, ndizo zinazovaliwa na skuta nyingi za kwetu. Mpira wake ni mgumu kiasi, unadumu, na ukitobolewa na msumari tairi la TL huzibwa kwa kusokomezwa kipande cha mpira bila kuvuliwa. Ubaya wake ni lami iliyoloa. Mvua ya kwanza ya masika, inapochanganyika na vumbi na oili iliyomwagika njiani, utalihisi likiteleza kwenye mistari ya rangi.

La pili ni la Taiwan au Thailand: Maxxis, Kenda, Duro, Vee Rubber. Mimi kwa skuta ya kwangu, isiyobeba mizigo, ningeliweka la kwanza. Mpira ni laini kidogo, hushika vizuri kwenye maji, na bado haliishi haraka sana. Nimelishusha nafasi moja kwa sababu ya mzigo tu, na kwa sababu kampuni hizi zina aina nyingi mno: nyingine ni 51, nyingine 59, na muuzaji hajali.

La tatu ni la Ulaya. Michelin S1 na Heidenau K58 kwa vespa za inchi 10, Michelin City Grip 2 kwa skuta za ringi kubwa kama Yamaha NMax na Honda PCX. Kwenye mvua hayana mpinzani, na mwenye kubeba mtoto kwenda shule wakati wa masika ana haki ya kuanzia hapa bila kuniuliza. Shida ni bei, na kwamba ukipasua moja leo huenda usipate mwenzake mjini. Mwenye skuta za kukodisha kwa wageni asijisumbue nayo. Wageni wanapanda mawe ya matumbawe nyuma ya hoteli, na ubavu wa tairi ukichanwa hauzibiki.

Matairi ya kashata, yale yenye meno makubwa ya vipande vipande, yanafaa kwa anayekaa ndani huko, njia za mawe na mchanga. Kwenye lami kashata hizo huliwa kwa mawimbi haraka, na kelele juu.

Kisha yale ya bei poa yasiyo na jina la kueleweka. Fanya hesabu kabla ya kufurahi. Tuseme moja ni shilingi 40,000 na linakwenda kilomita 5,000: kila kilomita ni shilingi 8. Jingine ni 70,000, linakwenda 10,000: kila kilomita ni shilingi 7, na umemlipa fundi wa kufunga mara moja badala ya mbili. Kama mfuko hauruhusu, weka la bei poa mbele, la nyuma ununue zuri. Lakini lazima namba ya uzito iwe imeandikwa. Lisiloandikwa chochote ubavuni, rudisha.

La mwisho kabisa ni la mtumba, na lile lililochongwa meno upya kwa kisu. La mtumba mara nyingi lilivuliwa huko lilikotoka kwa sababu ya uzee, siyo kwa sababu ya meno, ndiyo maana linaonekana zima. Watengenezaji wenyewe husema tairi likifika miaka 10 litolewe hata kama lina meno. La kuchonga ni baya zaidi: kisu kimeukaribia uzi wa nailoni. Yote mawili sipendekezi kwa bei yoyote.

Wakati wa kufunga simama hapohapo. Mshale wa ubavuni uelekee gurudumu linakozungukia, valvu ibadilishwe, na tairi lipimwe kwa geji yako, siyo kwa gumba la fundi. Mwenye vespa ya zamani, yenye magurudumu matatu yanayofanana (mawili na la akiba), ahamishe la mbele nyuma katikati ya umri wake, kabla la nyuma halijawa bapa. Kilomita 100 za mwanzo nenda taratibu kwenye kona na usifunge breki ghafla, kwa sababu mpira mpya unatoka kiwandani na utelezi wake, nao huondoka kwa kusuguana na lami tu. Ukikamatwa na mvua njiani kabla ya hapo, pita vipilefti ukiwa wima.